Siku Nilipolitaja Jina la Mkwe Wangu

Kitendawili!

Nimewasikia mmeitikia, hata wewe uliyejificha nyuma ya gazeti ukijidai unasoma bei ya pamba.

Nina ukuta haukujengwa kwa tofali wala kwa miti. Ng'ombe anapita, kuku anapita, mgambo anapita. Mtu mmoja tu duniani hapiti. Ni nini?

Haya, fikirini, nami niwakumbushe tulipoishia.

Mjukuu wangu Kashinje, mtoto wa marehemu binti yangu Loveness, alizaliwa akitanguliza miguu. Kwetu Usukumani mtoto wa namna hiyo ana jina lake maalumu, ndilo hilo, na watu humtazama kama mtu aliyeingia duniani kwa mlango wake mwenyewe. Baba yake ni mchimbaji wa dhahabu kule Mwakitolyo. Mganga mmoja akamwambia yeye na Herman, mwenye duara lao, kwamba mwamba hautafunguka mpaka atangulie kushuka mtu aliyetanguliza miguu. Duara ndilo shimo la dhahabu, nawaeleza ninyi wa mijini mnaodhani hereni huchumwa mtini.

Basi wakamtia mtoto kwenye ndoo. Wakamshusha kwa kamba, miguu chini, katika shimo ambalo mvua hizi za El Nino zimelilainisha kama uji wa mgonjwa. Niliyaona mwenyewe, nilikuwa pale nikiuza viazi vya kuchemsha. Sinia langu niliona halina maana tena, nikaliacha.

Kesho yake nikaenda kukaa juu ya jiwe katikati ya njia inayokwenda kwenye lile duara. Hapo ndipo mliponiacha wiki iliyopita, na yeye baba mtu anakuja, mtoto kamkalia mabegani.

Kabla sijaendelea, nimepata barua zenu. Mnauliza, "Bibi, mbona huyo baba humtaji jina?" Bwana mmoja wa Geita ameandika kwamba namwogopa. Mwanangu wa Geita, wewe umeoa? Kama umeoa, muulize mama mkwe wako kama anakuogopa.

Simtaji kwa sababu ni mkwe wangu. Kwetu mama mkwe hamtaji mkwe wake jina, hamtazami usoni, hali naye sahani moja. Akija kwangu anasimama kwenye ua wa minyaa, anakohoa, nami najifunika khanga kichwani na kumpa mgongo. Tukikutana njiani, yeye anaingia porini mpaka nipite. Tangu amwoe binti yangu sikuwahi kuuona uso wake. Namjua kwa kikohozi na kwa viatu.

Leo lakini nitamtaja. Msikimbilie mwisho wa ukurasa.

Nilisikia viatu vikija. Nikajifunika, nikageuka. Upande mmoja wa njia kulikuwa na shimo limejaa maji, upande wa pili lundo la mawe. Viatu vikasimama.

"Kashinje," sauti ikasema nyuma yangu, "mwambie bibi yako aniachie njia. Wenzangu wananingoja."

"Bibi," Kashinje akasema toka huko juu mabegani, "baba anasema shikamoo."

"Marahaba. Mwambie njia ya kurudi nyumbani ni nyeupe kabisa."

"Baba, bibi anasema umekonda."

"Mwambie sina ugomvi naye."

"Bibi, baba anasema ana njaa."

"Sikusema hivyo!"

"Lakini unayo," Kashinje akasema.

Wachimbaji waliokuwa wakiponda mawe waliacha nyundo wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akapiga kelele, "Ruka, bwana! Bibi mwenyewe mfupi!"

"Kamruke wewe mama mkwe wako kwanza," mkwe wangu akamjibu, "halafu uje unifundishe."

Akasimama, akasimama. Mwisho nikasikia viatu vinarudi vilikotoka.

Mmekiona kitendawili kinavyojitegua? Huo ndio ukuta wangu. Mgongo wa mama mkwe. Polisi angenibeba juu juu na jiwe langu, lakini mwanamume yule, anayeshuka shimoni mahali ambapo hata panya hashuki, hakuthubutu kunipita.

Nikajiona mjanja. Niliendelea kwenda kukaa pale kila asubuhi, mpaka alipokuja Scolastika, binti wa Ustawi wa Jamii kutoka wilayani, matope yamempanda mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu jiwe."

"Mama, utakaa hapa mpaka mtoto aolewe?"

"Jiwe hili lina joto zuri, kiuno changu kinalipenda."

"Na ukienda msalani?"

 Kumbe alikuwa ameshaambiwa. Ukuta wangu ulikuwa na kasoro hiyo moja: mchana unakunywa maji, na ukuta unaokunywa maji hauna budi kuinuka. Nilipoinuka jana yake kujisitiri kidogo tu, walimpitisha mtoto mbio. Niliporudi kukaa kwa madaha, Kashinje alikuwa tayari ndani ya ndoo.

Scolastika hakucheka. Akachuchumaa mbele yangu.

"Duara la jirani limetitia juzi, mama. Wameokolewa, lakini hilo lenu ndilo linalofuata. Tunahitaji amri ya mahakama."

"Amri ya kumfunga?"

"Ya kumlinda mtoto. Sheria ya watoto na vijana iko tangu enzi za mkoloni. Hakimu anamtoa mtoto mahali pa hatari, anamkabidhi kwa mtu anayefaa. Baada ya hapo mtu yeyote akimpeleka machimboni, hata kama ndiye aliyemzaa, anajibu mahakamani."

"Huyo mtu anayefaa ni nani?"

"Si wewe?"

"Mimi wa darasa la nne?"

"Sheria haikuuliza darasa, mama."

Nilivimba kama andazi. Nilirudi kijijini nikawaambia majirani kwamba kuanzia siku ile wasiniite Mama Loveness, waniite Mtu Anayefaa. Wakakataa, wana wivu.

Scolastika akamwachia baba mtoto hati ya kuitwa shaurini, akamwagiza mtendaji wa kijiji kwamba mtoto asishuke shimoni mpaka hakimu asikilize. Kisha akaniambia neno lililoninyima usingizi.

"Shahidi uliyemwona akimshusha ni wewe peke yako, maana wachimbaji hawatasema. Hakimu atakutaka umtazame na umtaje. Amri haiwezi kumbana mtu asiye na jina."

Nikafika Shinyanga mjini siku moja kabla ya shauri, nikafikia kwa Induben, mwenye duka ninayemuuzia karanga tangu wote wawili tukiwa na meno. Mwanawe mkubwa ni Dhaval, basi mimi namwita Mama Dhaval, naye ananiita Mama Loveness, na bei ya karanga hatujawahi kukubaliana.

"Kesho nitaambiwa nimtaje," nikamwambia.

"Mtaje. Jina tu hilo, si jino."

"Ni mkwe wangu, Mama Dhaval."

Akaacha kupima sukari. Kijiko kikabaki hewani.

"Ah! Mkwe! Hiyo naijua. Mimi baba mkwe wangu nilimwona nyayo tu, kichwa changu ndani ya sari kama kuku kwenye kikapu. Na mume wangu jina lake mpaka leo sitaji. Karani wa posta akiuliza, namwita Dhaval aje ajibu."

"Hujawahi kabisa?"

"Mara moja. Dhaval alikuwa mdogo, homa kali, hospitali wanataka jina la baba na baba yuko safarini Mwadui. Mganga mkuu anangoja na kalamu. Nikasema: Jashvant. Hivi, kwa nguvu, kama natapika."

"Ikawaje?"

"Dhaval akapona."

"Nauliza mumeo."

"Alinuna. Akanywa chai bila kunishukuru, kama siku nyingine zote. Taja, Mama Loveness. Wanaume hununa, halafu wanaona njaa."

Nikacheka, moyo ukatulia. Wasomaji wangu, mimi na Induben tunafanana kwa mengi, lakini kuna jambo moja tulilisahau wote wawili tukicheka pale kaunta. Yeye alimtaja mumewe. Mume akinuna, anabaki mume.

Asubuhi tukaingia mahakamani. Si kile chumba kikubwa cha wezi wa ng'ombe; mashauri ya watoto yanasikilizwa faraghani, ndani ya ofisi ya hakimu, jamaa tu ndio wanaoruhusiwa. Lakini Msukuma ukimwambia jamaa tu, umemwambia aje na kijiji. Tulibanana mle kama dagaa. Alikuwepo hata Marselino, mume wa binti yangu wa pili, mtu mpole anayeuza kuku, aliyekuja kwa sababu alisikia kuna usafiri wa bure.

Hakimu, Mheshimiwa Cornel, ni kijana wa miwani ambaye mama yake bila shaka bado anamkumbusha kula. Nikaapa vizuri. Kisha nikasikia kikohozi kile nyuma ya watu, nikajifunika khanga na kugeukia ukutani.

"Mama, geuka uelekee mahakama."

"Nikiielekea mahakama, Mheshimiwa, naelekea na pengine."

"Unaidharau mahakama?"

"Mgongo huu ni heshima. Mtoto wa shule akimheshimu mwalimu anasimama wima, mimi nikimheshimu mkwe nageuka. Ni kitu kimoja."

Scolastika akakohoa kunionya. Nikatulia.

"Sema ulichokiona," hakimu akasema.

Nikasema. Ndoo, kamba, tope, miguu ya mtoto ikining'inia. Kashinje alikaa kwenye benchi pembeni ya Scolastika, matope yalikuwa bado kwenye nywele zake japo tulimwosha. 

"Nani alishika kamba?"

 Nikatafuta pa kupitia, nikapita nilikozoea.

"Kitendawili!"

"Tega!" chumba kizima kikaitikia, na karani wa mahakama kwa sauti kubwa kuliko wote. Akajiziba mdomo.

"Nina mwanangu sikumzaa. Akija nakimbia, nikienda anakimbia."

"Mkwe!" wakajibu.

Hakimu akagonga meza. "Hapa hatutegi vitendawili! Na mkwe ni yupi? Una wakwe wangapi?"

"Siyo mimi!" Marselino akaruka kutoka kwenye kiti. "Mheshimiwa, mimi nauza kuku! Sijawahi kushika kamba, kuku wangu wanatembea wenyewe!"

Watu wakaangua kicheko, hakimu mwenyewe akavua miwani akaifuta muda mrefu. Lakini alipoivaa tena sauti yake haikuwa na mchezo.

"Mama, nisikilize. Naona unampenda mtoto huyu. Lakini siwezi kuandika kitendawili kwenye amri. Wakwe wako wawili, mmoja ameshaanza kulia. Nitaje nani? Usipomtazama mhusika na kumtaja hapa, naliondoa shauri, na mtoto anatoka mlangoni na baba yake."

Nikamtazama Kashinje kupitia upenyo wa khanga. Alikuwa anachezesha vidole vya miguu, ile ile iliyotangulia kuja duniani. Nje mvua ilianza upya juu ya bati.

Nikafunua kichwa. Nikasikia shangazi zake upande wa baba wakivuta pumzi. Nikageuka.

Nami nikauona uso wa mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Nilitazamia sijui nini, dubwana. Nikaona macho ya Kashinje yamekaa kwenye uso wa mwanamume aliyechoka, mwenye tope kwenye nyusi, na macho yale yakiniomba nisifanye ninachotaka kufanya. Nilimwonea huruma, Mungu ananijua. Kama ningemwona mapema, pengine ningemsonga ugali badala ya kumkalia njiani.

"Ni huyu," nikasema. "Ni Bujiku."

Hakuna aliyeitikia. Yeye Bujiku aliinamisha kichwa, akavaa kofia yake, akakaa hivyo mpaka mwisho.

Amri ikaandikwa, ikagongwa mhuri. Mtoto Kashinje amekabidhiwa kwa bibi yake Mageni, mtu anayefaa, na asikutwe machimboni akiwa na mtu awaye yote. Scolastika alinikumbatia. Induben akatutilia jalebi, vile vitamu vyao vya shira, kwenye karatasi, akasema ni zawadi, halafu akashusha bei ya karanga.

Tukarudi nyumbani. Kashinje akaanza shule. Kwa mara ya kwanza tangu afe mama yake nikamsikia akiimba akichota maji. Majirani waliokataa kuniita Mtu Anayefaa wakaanza kuniita, kwa kejeli tu, lakini mimi naitika.

Mvua ikaendelea. Barabara ya mjini ikakatika pale darajani. Kashinje akanipelekea salamu kwa kila mtu kijijini, nyingine sikuzituma.

Ndipo ikafika Jumamosi hii ninayowasimulia. Alasiri, nimekaa uani nabangua karanga, Kashinje yuko ndani anachambua mchele. Nikaona viatu vinavyojulikana vimesimama mbele ya karanga zangu.

Nikashtuka. Si kwenye minyaa. Mbele ya karanga zangu. Na sikuwa nimesikia kikohozi.

"Habari za kutwa, Mageni."

Hakuna shikamoo. Hakuna mama. Jina langu tupu, kama anamwita muuza maandazi stendi. Nikavuta khanga kichwani.

"Usijifunike," akasema. "Umeshaniona. Umeshanitaja mbele ya shangazi zangu. Nimewauliza wazee wa kwetu, wamesema mama mkwe akimtaja mkwe mbele ya watu ukwe umekwisha. Mimi ni mpita njia tu sasa."

"Nina amri ya mahakama," nikasema, nikaitoa kifuani nilikoihifadhi.

"Naijua, nilikuwepo. Sikuja kuipinga." Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mama Ustawi yuko ng'ambo ya daraja. Maji yatapungua lini, unajua? Herman ananingoja barabarani na baiskeli. Ashuke leo mara moja tu, mwamba ukifunguka nitamrudisha na gauni jipya."

"Shimo limelowa, Bujiku!"

Nilimtaja tena. Mara ya pili jina lilitoka jepesi kama jina la jirani, nikajua kwamba ni kweli, ukuta umeanguka na ni mimi niliyeusukuma.

Niliinuka, karanga zikamwagika. Nikakimbia, kama kule kulikuwa kukimbia, mpaka kizingitini pa nyumba yangu. Nikakaa pale mlangoni. Nikajifunika khanga mpaka kifuani, nikampa mgongo, kama zamani, kama sijawahi kumwona, kama sijui macho yake yanafanana na ya nani.

Mbele yangu gizani Kashinje alisimama na ungo wa mchele.

"Bibi," akanong'ona, "nimwambie nini?"

"Mwambie asimame kwenye minyaa."

Mtoto yule, ambaye tangu ajue kusema hajawahi kufikisha ujumbe wangu ulivyo, akapaza sauti juu ya kichwa changu.

"Baba! Bibi anasema usimame kwenye minyaa!"

Nikafumba macho nikangoja kikohozi.

Nilichosikia ni karanga zikipasuka chini ya viatu, moja baada ya nyingine, zikija mlangoni.